Panya wa Mama Watiri

Ukitoka soko la Karatina kwa upande wa viazi, ukapita pale wenye mikokoteni wanapopumzika, utaona benchi refu la mbao nyeusi limeegemea kibanda cha mabati. Zamani lilikuwa benchi la kanisa. Kanisa liliponunua viti vya plastiki, benchi likastaafishwa, likaletwa hapa kwa mkokoteni, na tangu siku hiyo limesikia mambo ambayo halikuwahi kuyasikia kule lilikotoka. Mwenye kibanda ni Ngendo, ambaye kila mtu humwita Mama Watiri, na anauza kahawa. Hilo lenyewe ni jambo la ajabu, kwa maana watu wa milima hii hulima kahawa na kunywa chai. Kahawa hupelekwa fakitori ikiwa nyekundu na haionekani tena, kama mwanasiasa akishachaguliwa. Lakini baba yake Ngendo, huko Kianyaga, humwekea mbuni kidogo, ile kahawa iliyokaukia mtini, naye huikaanga kwa sufuria, akaitwanga, akaichemsha pamoja na tangawizi. Mwanzoni wazee wa benchi walisema ni dawa ya minyoo. Siku hizi hakuna anayeweza kupitisha alasiri bila hiyo dawa.

Ngendo alikuwa na flaski mbili. Moja ilikaa mezani, nje. Ya pili ilikaa ndani, nyuma ya pazia la gunia, na kando yake, juu ya debe lililopinduliwa, alikaa binti yake Watiri, msichana wa miaka minane. Kazi ya Watiri ilikuwa kuiangalia ile flaski ya ndani. Ikiisha, agonge bati kwa kijiko. Agonge tu. Asiseme neno, asikohoe, asicheke hata wazee wakichekesha vipi, kwa sababu benchi zima lilikuwa limeambiwa kwamba Watiri yuko Kianyaga kwa nyanya yake, na kwamba anasoma huko.

Watiri alikuwa na kigugumizi. Shuleni, darasa lilikuwa limejaa hata watoto wengine wakikaa dirishani, na mwalimu alikuwa mmoja. Ngendo hakumchukia mwalimu huyo. Siku moja alimwona kwa macho yake akimfunga mtoto kamba za viatu kwa mkono mmoja huku wa pili ukisahihisha vitabu. Lakini mtu wa namna hiyo atapata wapi nafasi ya kungojea neno linalochelewa? Watiri alikuwa akisimama asome, neno likikwama, darasa likicheka, na mwalimu akisema, "Haya, kaa, mwingine." Hata wale watoto hawakuwa wabaya. Walikuwa wengi tu. Siku moja Watiri alirudi nyumbani bila neno hata moja. Kesho yake vilevile. Masika yote yakapita mtoto hasemi, hata kuomba maji. Ndipo Ngendo, ambaye masomo yake yaliishia darasa la nane, akamtoa shule na kuanza kumfundisha mwenyewe. Maneno yakaanza kurudi mojamoja, kama kuku mvua ikikatika. La kwanza alimwambia paka. La pili alimwambia mama yake, wakichambua maharagwe.

Sasa Ijumaa hiyo habari ilikuwa imezunguka soko tangu asubuhi: naibu mpya wa chifu anapita kibanda kwa kibanda, anamtafuta mama aliyemficha mtoto asiende shule. Akipatikana, mama atapelekwa kwa chifu, na Jumatatu mtoto atakuwa amerudi kwenye dawati lile lile, mbele ya kicheko kile kile.

Ngendo hakufunga kibanda. Angefunga Ijumaa, watu wangeuliza kwa nini, kwa sababu Ijumaa ni siku ya projekti. Tangu mtaala mpya ulipokuja, watoto hupewa kazi za mikono za kufanya wikendi, na baba zao huja kuzifanya hapa benchini.

Wa kwanza kufika alikuwa Kingori, anayeitwa Mheshimiwa kwa sababu aliwania udiwani mara mbili na mara zote mbili wapiga kura wakamwachia jina tu. Alikuwa amebeba sanamu ya kutishia ndege, projekti ya mjukuu wake wa gredi ya nne. Akafuata Waweru fundi wa mawe, anayeitwa Futi, na kipande cha mbao ambacho juu yake palisimama kijumba kidogo cha saruji halisi, chenye msingi halisi. Mwisho akaja Griffins, anayeuza dawa za mifugo na ambaye kwa hiyo anaitwa Dokta, na mzigo wa matete ya kutengenezea kayamba.

Kingori alikunjua karatasi ya gazeti iliyofungiwa mandazi, akaanza kuisoma kwa sauti, uso ameuelekeza kwenye mabati. Ilikuwa tabia yake ya siku za karibuni. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

— Se-ri-ka-li. Serikali. Ya-si-si-ti-za. Yasisitiza.

Ngendo alimhurumia. Alidhani macho ya mzee yameanza kuchoka.

— Wacha gazeti, Mheshimiwa, Waweru alisema, akikunja jaketi lake na kulipakata. — Tuambie habari yenye iko.

Hata hiyo ilikuwa tabia mpya. Zamani Waweru alikuwa akilitundika jaketi kwenye msumari, juu ya lile tundu la mabati linaloingiza mwanga ndani. Siku hizi hulipakata hata kukiwa na jua kali.

— Waheshimiwa, kuna hoja mbele ya nyumba! Kingori alisimama. — Mmesikia kuna mama hapa Karatina amekataa kupeleka mtoto shule? Ati anamfundisha yeye mwenyewe! Kwa nyumba!

— Mwenyewe? Waweru alishtuka. — Na shule iko hapo, ya bure kabisa? Hakuna kitu unalipa, isipokuwa ya mtihani, ya dawati, ya mlinzi, na ya kukaribisha mkubwa wa elimu akikuja.

— Si hiyo ndiyo bure, Dokta alisema. — Bure ni ile yenye hulipi mara moja. Unalipa polepole.

— Mtoto afundishwe na mwalimu! Waweru alipiga goti, saruji ikamrukia surualini. — Mzazi anajua nini? Mzazi kazi yake ni kuzaa na kununua sweta. Hebu Dokta, nipitishie huo mwiko mdogo, nataka nimalize hii projekti ya mtoto.

— Na mtoto mwenyewe anafanya nini hapo?

— Ataandika jina yake.

— Naona imeshaandikwa.

— Mwandiko yake haikai vizuri. Nilionelea nisaidie.

— Hiyo nyumba atabeba aje, Futi? Hiyo ni mawe!

— Ile ya kwanza tulipeleka na mkokoteni, Waweru alisema bila aibu. — Na mnajua waliniandikia nini? "Anakaribia matarajio." Mimi! Hizo ghorofa zote za huko juu nimejenga mimi, watu wanalala ndani na hawajaamka chini ya mawe, halafu ati nakaribia!

— Afadhali wewe, Kingori alisema. — Mimi waliniandikia "chini ya matarajio."

— Wewe hata wapiga kura waliandika hivyo, Dokta alisema.

Ngendo alicheka kidogo, akamimina. Alimpa Kingori kikombe chenye mshikio, kwa sababu vidole vya mzee hutetemeka, ingawa hakuna aliyewahi kulisema. Kisha akasikiliza nyuma ya gunia. Kimya. Watiri alikuwa mtoto mzuri sana wa kunyamaza, na jambo hilo ndilo lililomuuma mama yake.

— Turudi kwa hoja, Kingori alisema, akiivalisha sanamu yake fulana ya kampeni iliyokuwa na picha yake mwenyewe. — Huyu mama ni siasa. Ametumwa. Watoto wakibaki nyumbani, hesabu ya shule inashuka. Ikishuka, wadi inafungwa. Wadi ikifungwa, mimi nitasimama wapi? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mnaona!

— Tunaona nini?

— Mnaona kwamba mtoto lazima aende shule!

Waweru alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

— Lakini tuseme ukweli, alisema baadaye, akisawazisha paa. — Hata hiyo shule... ile choo ya wasichana imefunguliwa na wanasiasa watatu.

— Choo tatu? Hiyo ni maendeleo.

— Choo moja. Tepe tatu, makasi tatu, hotuba tatu. Kila mmoja alikuja na keki yake.

— Na mlango?

— Mlango ni ahadi ya uchaguzi inakuja.

— Pole pole ndio mwendo, Kingori alisema kwa heshima. — Ndiyo maana huyo mama anafaa kushikwa leo leo.

Dokta Griffins alikuwa akijaza kayamba yake. Mbegu za kutia ndani zilikuwa zimemshinda kupata, kwa hiyo alitumia vidonge vya minyoo ya ng'ombe vilivyopitwa na wakati. Alikata andazi lake katikati, akala nusu, na nusu nyingine akaiweka kwenye ukingo wa kibanda, karibu na gunia, kama alivyofanya kila siku.

— Ya panya, alimwambia Ngendo. — Panya akishiba hatatoboa magunia yako.

— Asante, Dokta.

Ngendo hakumwelewa kabisa mtu huyu. Anauza sumu ya panya dukani kwake, halafu anakuja hapa kulisha panya mandazi. Lakini Watiri aliyapenda, kwa hiyo mama yake hakuuliza.

— Mimi niko na swali kwa hii bunge, Dokta alisema. — Huko Mweiga niko na mteja, mzungu, ana ng'ombe za maziwa. Watoto wake hakuna hata mmoja anaenda shule. Mama yao anawafundisha kwa veranda. Mbona naibu wa chifu hajaenda huko?

— Hiyo ni tofauti, Kingori alisema. — Hiyo inaitwa elimu ya nyumbani.

— Na ya huyu mama wa hapa?

— Hiyo inaitwa utoro.

— Tofauti ni gani?

Kingori alifikiri.

— Veranda.

Hata Ngendo alikitazama kibanda chake. Hakikuwa na veranda.

— Mimi hapo nakataa, Waweru alisema. — Mtoto ni wangu au si wangu? Angalia kahawa. Napanda mimi, napalilia mimi, nachuma mimi na mgongo inauma. Ikishaiva, ati si yangu, peleka fakitori. Sasa hata mtoto? Nazaa mimi, nalea mimi, akiiva nipeleke fakitori?

— Ndiyo sheria, Futi! Kingori alisema. — Na ukikaanga kahawa yako kwa sufuria bila ruhusa, hiyo ni makosa makubwa. Karibu kama kumfundisha mtoto wako.

— Kwani hapa tunakunywa nini?

Wote watatu walitazama ndani ya vikombe vyao. Kisha wakamtazama Ngendo, aliyesimama na flaski mkononi.

— Hii ni chai nyeusi, Kingori aliamua. — Iandikwe hivyo.

— Chai nyeusi kabisa, wenzake waliunga mkono, na kila mmoja akanyoosha kikombe aongezewe.

Ngendo aliwaongeza. Moyo wake ulilegea kidogo. Halafu Dokta akaegemea mbele, akashusha sauti, na benchi likajua kwamba sasa yanakuja yale makubwa.

— Nyinyi hamjui hii kitu ni kubwa aje. Mnajua kwa nini lazima ununue sweta ya shule kwa duka moja? Si duka lingine, hiyo moja tu?

— Kwa sababu mwenye duka ni shemeji ya mtu.

— Hapana! Kwa sababu ya uzi. Kuna uzi ndani ya hiyo sweta, setilaiti inausoma. Huko juu wanahesabu: hapa sweta za kijani, huku za maruni. Ndivyo Benki ya Dunia inajua tuko wangapi. Kikulacho ki nguoni mwako! Wazee walikuwa wanaongea juu ya sweta!

— Haiya! Waweru aliweka mwiko chini. — Na mtoto akikaa nyumbani na fulana tu?

— Haonekani. Mmoja haonekani, wawili hawaonekani, mwisho wanaangalia Nyeri yote wanaona majani tu. Wanasema, kumbe hapa hakuna watu! Na mahali hakuna watu, wanaleta nini?

— Wanaleta nini?

— Ndovu. Watafungua waya ya msitu wa Aberdare, watatuletea ndovu hadi hapa sokoni. Utakuja kununua viazi upate ndovu amenunua zote.

Kila mtu alimwona yule ndovu.

— Kwa hivyo, Kingori alisema taratibu, — mama mmoja wa Karatina, kwa kukataa kupeleka mtoto mmoja shule...

— Analeta ndovu.

— Afungwe!

— Afungwe na azungushiwe waya!

— Chelewa chelewa, utapata mwana si wako, Kingori alisema, na safari hii hakuna aliyejua kama imefaa au haikufaa. Alipanda juu ya benchi, akaishika sanamu yake kama rungu la spika. — Wale wanasema afungwe, waseme ndiyooo!

— Ndiyooo!

— Wale wanasema asifungwe?

Hakuna aliyesema. Flaski ilimponyoka Ngendo kidogo, na kahawa ya moto ikamwagika juu ya kiatu cha Waweru.

— Pole! Pole sana, mzee, aki nisamehe...

— Ni mimi nimesukuma meza, Waweru alisema haraka. Hakuwa ameigusa meza. Alifuta kiatu kwa kitambaa cha saruji, akaendelea na paa lake, na hakumtazama usoni.

Ngendo aligeuka kando, akajifanya anapanga vikombe. Watu hawa alikuwa amewamiminia kahawa mwaka mzima. Alijua nani haili sukari, nani aliyefiwa na mke, nani anaogopa ngurumo. Na sasa wangemfunga kwa ajili ya ndovu. Alitaka kuwageukia na kusema, "Ni mimi, wazee. Huyo mama ni mimi." Maneno yalifika kooni yakasimama hapo, na kwa mara ya kwanza akajua vizuri jinsi mtoto wake anavyojisikia.

Alipoinua macho, naibu wa chifu alikuwa amesimama mbele ya benchi.

Alikuwa kijana mwembamba, kaki yake bado ina mikunjo ya dukani, kofia imemzidi kidogo.

— Hamjambo wazee. Mimi ni Mutahi, ndiye naibu mpya. Natafuta mama mmoja. Ana mtoto msichana wa gredi ya tatu, hajaonekana shule tangu masika. Nimeambiwa yuko upande huu wa soko. Mnamjua?

Benchi lililokuwa na majibu ya setilaiti, ya ndovu na ya Benki ya Dunia likakosa jibu la swali hilo. Kingori alishuka chini polepole, akaanza kuifunga vifungo sanamu ambayo fulana yake haikuwa na vifungo. Waweru alipima ukuta aliokuwa ameshaupima. Dokta alitikisa kayamba mara moja, kisha akaishika isilie.

— Hata mmoja hamjui? Mutahi aliuliza. — Nimewasikia kutoka kule kwa viazi mkisema afungwe.

— Hiyo ilikuwa siasa, Kingori alisema.

Na hapo, nyuma ya gunia, kitu kikaanguka juu ya sakafu. Kijiko. Kilitoka chini ya pazia kikibiringika, kikasimama kwenye kiatu cha naibu wa chifu.

— Nini hiyo? Mutahi aliuliza.

— Panya, walisema wazee wote watatu kwa pamoja.

Ngendo alisogea mbele ya gunia.

— Panya? Na kijiko?

— Panya mkubwa, Dokta alisema, akiionyesha ile nusu ya andazi. — Huyo anapenda mandazi. Mimi ndiye daktari wake.

— Na anapenda gazeti, Kingori aliongeza. — Lakini asomewe polepole.

— Na anataka mwangaza, Waweru alisema, akilikumbatia jaketi lake. — Huwezi kumzibia tundu.

Ngendo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kingori, ambaye macho yake yalikuwa mazima. Waweru, ambaye zamani hakuwa mtu wa kupakata nguo. Dokta na sumu yake dukani. Walijua. Walijua tangu lini? Na jinsi wanavyopenda kupayuka, watu ambao wangemtangazia soko zima habari ya kuku aliyetaga nje, hawakuwa wamepayuka hili.

Mutahi pia hakuwa mjinga. Alitazama nyuso zile tatu, akatazama andazi, akatazama gunia. Akaokota kijiko, akakifuta kwenye suruali yake mpya, akakiweka mezani kwa adabu.

— Basi mama, alimwambia Ngendo, — niwekee kikombe kimoja cha kahawa, nikifikiria huyu panya.

— Ni chai nyeusi, Kingori alinong'ona.

Ngendo aliinamisha flaski. Likatoka tone moja, halafu upepo. Flaski nyingine ilikuwa ndani. Ili aichukue ilibidi afungue pazia. Alisimama na kikombe kitupu mkononi, akimtazama kijana wa kaki.

Kingori alikohoa.

— Ka...

Sauti ilitoka nyuma ya gunia. Ndogo, nyembamba.

— Ka... ka...

Katika darasa lile, hapa ndipo kicheko kingeanza. Hapa ndipo mtu angesema, "Haya, kaa, mwingine." Ngendo alikaza vidole kwenye kikombe. Akamwona Kingori, mtu ambaye hajawahi kumwacha mwenzake amalize sentensi, ambaye hata mhubiri humkatiza, ameinamisha kichwa na mikono ameipakata, mdomo umefungwa. Dokta alikuwa ameiweka kayamba chini kwenye nyasi isije ikalia. Waweru alikuwa ameinua mwiko hewani, na saruji ikimdondokea mguuni hakuufuta. Mutahi naye hakusema neno. Hakumsaidia mtoto kwa kummalizia neno, kama wafanyavyo watu wenye haraka wakidhani ni wema.

— Ka-ka... ka...

Mkokoteni ulipita. Mama mmoja akaita bei ya karoti. Benchi likangoja.

— Kahawa imeisha.

— Asante, Mutahi aliliambia pazia, kama anavyoshukuriwa mtu yeyote.

Hakuna aliyecheka. Waweru alishusha mwiko. Kingori alipangusa pua kwa mkono wa sanamu yake.

— Ni wangu, Ngendo alisema. Maneno yalitoka yenyewe. — Huyo mama ni mimi. Na yeye si mtoro. Alikuwa ameacha kusema kabisa. Masika yote hakuniambia hata neno moja, afande. Hata "mama."

Mutahi alivua kofia. Bila kofia alikuwa mdogo zaidi.

— Wazee, alisema, — nisaidieni, hii kazi bado naizoea. Nimetumwa nimrudishe shule, na mimi nataka asome. Lakini nyinyi mnajua huu mji kuliko mimi. Ni shule gani hapa, hata kama ni mbali kidogo, yenye watamngojea amalize kusema, vile mmemngojea nyinyi?

Kingori alifungua mdomo. Methali ilikuja mpaka mlangoni, ikatazama nje, ikarudi. Dokta alitazama juu kama anayetafuta setilaiti yake. Waweru alihesabu kwa vidole shule zote alizowahi kujenga, ukuta kwa ukuta, darasa kwa darasa, akafika kidole cha mwisho, akakunja ngumi.

— Futi? Kingori aliuliza kwa sauti ya chini. — Wewe umejenga nyingi.

— Nimejenga madirisha mazuri, Waweru alisema. — Hiyo ingine hakuna mtu aliniambia nijenge.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Aberdare, na kivuli cha sanamu ya Mheshimiwa kiliwaangukia wote, picha yake ya kampeni ikitabasamu kwa watu wasio na jibu.

— Kama hamjui nyinyi, Mutahi alisema, — sasa chifu nitamwambia nini?

Wazee walisogeleana. Benchi la kanisa lilitoa mlio wake wa zamani, ule wa watu wakimpisha aliyechelewa ibada, na nafasi ikapatikana pale mwisho, karibu na gunia. Mutahi aliitazama ile nafasi. Kisha akakaa, kofia juu ya magoti.

Pazia lilisogea. Mkono mdogo ukaisukuma nje flaski tupu, na baada ya mkono, polepole, likatokea jicho moja. Lilimtazama kijana wa kaki, likamtazama Kingori, likaishia kwenye nusu ya andazi.

— Chukua, panya, Dokta alisema.

Ngendo aliinama ili wasimwone uso. Aliosha flaski, akapuliza makaa, akamimina maji sufuriani na kubandika. Akachukua kinu, akatia kahawa aliyokuwa ameikaanga asubuhi.

— Itachukua muda, alisema. — Maji ndiyo kwanza nimeweka.

— Hakuna haraka, Mutahi alisema.

Wakangoja.